Jini Wanamwamini, Bei Hawaiamini

Ukiandika riwaya ya mapenzi, hakuna atakayekupigia simu kukuuliza umeachwa mara ngapi. Ukiandika ya ujambazi, polisi hawaji kupekua uvunguni mwa kitanda chako. Lakini thubutu kuandika kitabu kimoja tu cha majini, ukichapishe kwa hela yako mwenyewe, uweke na namba yako ya simu nyuma ya jalada kwa sababu kila duka limekwambia rafu imejaa, halafu uone. Mimi hapa mtaani kwetu Tandika sina jina tena. Naitwa "yule wa majini".

"Samahani kaka, yule bibi wa Pangani bado yuko hai?" Huo ni ujumbe wa saa saba usiku. Bibi wa Pangani nilimtunga ndani ya daladala, kwenye foleni ya Buguruni, abiria mwenzangu akiwa amenilalia begani. Pangani yenyewe nimewahi kufika kwa ajili ya harusi tu, tukala pilau, tukageuza. Nikamjibu kwa adabu kwamba yule bibi ni wa kubuni. Akaandika: "Nimekuelewa kaka, mambo haya hayasemwi kwenye simu. Nikuone wapi?"

Huyo ana nafuu. Wapo wasiotaka bibi wala babu, wanataka jini mwenyewe, tena wa mali. Kijana mmoja alilalamika kwamba ameirudia sura ya nne mpaka ameikariri, ubani ameshanunua, ila mimi nimeficha makusudi aina ya udi ili watu wasifanikiwe. Mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti ya heshima kabisa, alitaka nimwangalizie mumewe aliyekwenda Mbeya kuchukua mchele na mpaka leo hajarudi, si yeye wala mchele.

"Mama," nikamwambia, "mimi kazi yangu ni kuandika tu."

"Najua, mwanangu. Hata yule wa Tanga alikuwa akiandika. Kwa zafarani, kwenye sahani."

Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ananisisitiza nikanushe kila ninapoulizwa, tena kwa sauti. Anasema Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, aliiacha Mwingereza, na mtu kujidai ana nguvu za uchawi ni kosa. Kwa hiyo ninakanusha. Tatizo ni kwamba mchawi naye hukanusha, na wasomaji wangu wanalijua hilo kuliko mwalimu.

Yote hayo ningeyavumilia kama pangekuwa na biashara. Kinachonikera ni kwamba watu hawa wanaamini kila kilichomo ndani ya kitabu isipokuwa bei iliyoandikwa nyuma. Mtu anakubali bila kupepesa macho kwamba mwanamke mzuri alipanda teksi Magomeni, akashuka makaburini, na dereva alipomwangalia miguuni akaona kwato. Hapo hana swali. Mwambie kitabu ni shilingi elfu kumi, ndipo akili ya utafiti inapomwamkia. Elfu kumi kwa nini? Karatasi si ni karatasi tu? Haipungui? Huna softikopi? Halafu wapo ndugu na marafiki, ambao hawanunui kabisa, wao "wanakusapoti". Kukusapoti maana yake wanachukua nakala bure, wanapiga nayo picha, wanaiweka kwenye stetasi kwa saa ishirini na nne, kisha kitabu kinakwenda kuegemezea mguu wa meza ya tivii.

Sasa tazama nguzo ya umeme iliyoko nje kwangu. Imebandikwa kibao cha mganga: mapenzi, kesi, biashara, nguvu za kiume, kumrudisha aliyepotea. Namba ya simu chini. Sijamsikia mtu akimwambia mganga ampe kionjo kwanza, au amtumie dawa kwa PDF. Wanalipa kabla, wanaongeza na kuku, na mambo yasipofanikiwa wanajilaumu wenyewe kwamba walikosea masharti. Mimi msomaji wangu asipoogopa vya kutosha anadai arudishiwe hela.

Na hizo elfu kumi watu hawajui zinakwenda wapi. Kwa mpiga chapa wangu karatasi moja kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu kinapanda kwa kumi na sita kumi na sita. Riwaya yangu iliishia ukurasa wa 115. Fundi akapiga hesabu akanitazama kwa huruma: ama nipunguze kurasa tatu nirudi 112, ama niongeze kumi na tatu zifike 128, la sivyo nalipia karatasi tupu. "Bosi, ua mmoja," akanishauri. "Unao wengi humo." Sikuua. Niliongeza ndoto ya kurasa kumi na tatu, mhusika mkuu analala tu na kuota anafukuzwa na vibwengo kwenye minazi, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kila msomaji anaisifu kwamba ina ukweli mtupu. Na vijana wa kubandika majalada walikataa kulala na yale marundo ya vitabu karakanani, nikalazimika kuwalipia bodaboda za kurudi makwao usiku. Hiyo nayo imo ndani ya elfu kumi.

Jalada lenyewe lilinitoa roho. Nilimweleza kijana wa kompyuta kwamba kwenye hadithi yuko mumiani. Mumiani wetu anajulikana. Wazee wa enzi za mkoloni walikuwa wakimwogopa mtu wa kawaida kabisa, anayekuja na gari usiku kukamata watu na kuwanyonya damu ikafanywe dawa. Hata watu wa zimamoto walishukiwa, wakakimbiwa barabarani na magari yao mekundu. Hana mbawa, hana meno marefu, ana ajira. Kinachotisha ni hapo. Kijana akaniletea Mzungu mweupe pe, koti refu jeusi, damu ikimchuruzika kidevuni, nyuma yake theluji. Theluji, Temeke! Nikamwambia huyu ni Dracula, mtu wa Transylvania, aliandikwa na Bram Stoker mwaka 1897, hana undugu na sisi. Akafikiri kidogo, akaniuliza: "Nikimvalisha kanzu?"

Ndinyi mliokinunua kitabu, mkaniuliza kwa nini mumiani wa jaladani amevaa kanzu na ana macho ya bluu. Hela ya jalada la pili haikuwepo.

Kuna kundi jingine, la wakaguzi. Hawa wanajua majini kuliko majini yenyewe. Mzee mmoja wa Pemba aliniita pembeni na kitabu changu mkononi, kimepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Alikuwepo kule mwaka 1995 Popobawa alipozua kizaazaa, watu wakalala nje ya nyumba wamejikusanya kwenye moto. "Popobawa wako anabisha hodi," akaniambia. "Wapi na wapi?" Mwingine yuko Muscat, ananitumia sauti ndefu kuliko sura zangu: chunusi hawezi kukaa kwenye kisima, makao yake ni majini kwenye kina, ruhani si wa kumfukuza ovyo, na msukule hasemi vile, sauti yake hutokea puani. Nikajitetea kwamba hiki ni kitabu cha kubuni. Akanijibu kwamba kubuni si ruhusa ya kuongopa. Mpaka leo natafuta jibu la hiyo.

Namwonea wivu Muhammed Said Abdulla. Mzee yule wa Unguja alikuwa mjanja. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipata tuzo ya mashindano ya uandishi ya 1957/58, ikatoka kitabuni 1960, na ndani yake kila mtu anatetemeka kwa habari za mzimu, kasoro mpelelezi Bwana Msa, anayevuta kiko chake na kumtafuta binadamu mwenye damu na nyama. Hapo nani atakupigia simu kutaka mzimu? Namwonea wivu na Ben Mtobwa, aliyeanzisha kampuni yake ya Heko akachapa vitabu vyake na vya wenzake. Mimi kampuni yangu ni begi la mgongoni.

Nyumbani ndiko kubaya zaidi. Mwaka jana nilinunua pikipiki ya mkopo ya kusambazia vitabu. Shangazi yangu wa Muheza akapata habari, akaitisha kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa moja: kijana ameandika mambo ya msukule, sasa ana pikipiki, na binamu yenu wa Korogwe tangu mwezi wa tatu hapatikani kwenye simu. Nilitoa daftari la mauzo, nikaomba lisomwe mbele ya wote. Baba mdogo akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akalifunga taratibu. Akasema kwa hesabu hizi, kama kijana anafuga msukule, basi ni mvivu sana. Kikao kikafungwa kwa dua. Wakaninunulia na soda. Binamu alikuwa amebadilisha laini.

Mke wangu akaniambia niachane na karatasi, niuze kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp kama wenzangu: shilingi mia tano kwa sehemu, unakatisha pale mlango unapofunguka wenyewe, unaandika ITAENDELEA, unasubiri miamala. Nikajaribu. Wanachama mia na kitu wakaingia. Aliyelipa mmoja, akawagawia wengine wote kwenye kundi jingine ambalo mimi simo. Ila lawama wananiletea mimi: "Admin mbona kimya, tangu jana mlango uko wazi."

Juzi nimetumiwa ujumbe na namba nisiyoijua. "Habari ndugu mpenzi wa simulizi. Tunauza riwaya kali za kutisha, PDF safi, buku tu." Chini yake picha ya Mzungu aliyevaa kanzu. Nikamwambia buku ni ghali. Akashusha mpaka mia saba, akaniomba nimwelewe, kazi hii ina gharama. Nikalipa, nilitaka kuona wameifanyaje. Likaja faili, na onyo juu yake kwamba kusambaza bila idhini ni dhuluma na Mungu anaona. Nikafungua. Makosa yote ya tahajia yaliyonikosesha usingizi mtu ameyasahihisha, moja baada ya jingine. Ukurasa wa mwisho, chini ya sentensi yangu ya mwisho, ameongeza: SEHEMU YA PILI INAPATIKANA, ELFU MBILI.

Sehemu ya pili mimi sijaiandika. Nikamuuliza inaanzaje.

Akasema nilipie kwanza.