Fundi Yuko Wapi?

Kitabu cha Subaru Impreza WRX ya gia tano kinaifanya kazi ya kubadilisha oili ya giaboksi ionekane ya mtoto: inua gari, fungua nati ya chini, mwaga, funga, jaza lita 3.5, pima. Hakisemi lolote juu ya mavyaa, paka, wala ami wa jirani anayeketi barazani tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Waandishi wake ni Wajapani, na sidhani kama yupo aliyewahi kuishi Tudor, Mombasa.

Kwa nini nisipeleke gereji? Sababu ni gereji. Tumboni mwa Subaru kuna nati ya oili ya injini, na nyuma yake kuna ya giaboksi. Shemeji yangu alipeleka lake mahali fulani, jina nalimeza, abadilishiwe oili ya injini. Kijana akafungua nati isiyo yake, akamwaga oili ya giaboksi yote, kisha akajaza oili mpya ya injini juu ya ile ya zamani. Shemeji akaondoka pale na giaboksi kavu na injini iliyojaa maradufu. Alifuka moshi hata watu wa kituo cha mafuta wakamkimbilia na ndoo za mchanga. Mimi nikasema langu nitalilalia mwenyewe, uani kwangu.

Nati ya kumwagia kwenye gari langu haijali spana ya kawaida. Ina tundu la nyota, T70, na kila mwanamume wa mtaani aliapa kwamba soketi yake anayo. Wakaenda kuzileta. Mmoja akaja na bisibisi. Mwingine alileta spana ya baiskeli, na wa tatu tindo na nyundo. Wa tindo nilimshukuru sana na kumsindikiza hadi mlangoni, maana kasha la giaboksi ni aluminiamu; ukishavuruga uzi wake, hiyo si oili tena, ni giaboksi nzima unanunua. Nikaenda dukani mwenyewe. Muuzaji akanipa soketi, akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Fundi ndiye aliyekutuma?"

Gari lazima liinuliwe pande zote nne na likae sawa, la sivyo kipimo kitakudanganya. Ua wetu umeinama kuelekea majini kama watu wote wa Tudor walivyoinama kuelekea samaki, kwa hiyo kupanga stendi na vipande vya mbao kulikula muda zaidi kuliko kazi yenyewe. Na stendi ni stendi: jeki ni ya kuinulia, haijaumbwa kulaliwa chini yake.

Basi nikaingia chini, nikabaki miguu tu nje, ndani ya suruali kuukuu ya mume wangu. Hapo ndipo nilipojua heshima anayopewa fundi. Kila apitaye: "Fundi, kazi njema!" "Fundi, pole na jua!" Nikiitikia tu, kimya. Kisha hatua za haraka zinaondoka.

Ami hakuondoka.

"Shikamoo ami," nilisema kutoka chini.

"Marahaba mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, ami."

"Haya, vyema. Na fundi mwenyewe?"

Nati ikalegea, oili ikashuka kwenye karai, nyeusi na nzito. Nati hiyo ina sumaku kwenye ncha, na sumaku huwa imevaa uji wa kijivu wa unga wa chuma. Ami alipouona akashika kichwa. "Gari limekwisha hili. Liuze leo, kabla ya Ijumaa." Nikamweleza kwamba unga laini ni wa kawaida, meno ya gia yakisuguana miaka lazima yatoe vumbi, la kutisha ni vipande. Akakubali kwa sauti, si kwa uso.

Kisha akaona chupa mpya, na mjadala ukaanza rasmi. Chupa imeandikwa 75W-90, GL-5. Kijana wa nyumba ya pili, mwenye Altezza, akasema GL-5 inakula shaba ya sinkronaiza, nitie GL-4. Hofu yake haikutoka hewani, kwa kuwa dawa ya kinga iliyomo katika GL-5 ni nyingi zaidi na baadhi ya oili hizo huwa kali kwa shaba. Lakini ndani ya kasha la giaboksi ya Subaru mna difu ya mbele pia, inayooga oili hiyohiyo, na meno ya difu hugandamizana huku yakiteleza. Hayo ndiyo yanayodai GL-5. Ami alitusikiliza sote wawili, akatoa hukumu: "Oili ni oili. Gari hili McRae alishinda nalo Safari Rally 1997, akachagua oili?" Ami, McRae alikuwa na jeshi la mafundi linalomfuata. Mimi nina mpwa wangu wa darasa la saba.

Mpwa ndiye aliyeshika faneli. Oili huingizwa kwa juu, kupitia tundu la kijiti cha kupimia, nyuma ya injini, chini ya intakula, mahali ambapo mkono wa mtu mzima huingia na kuacha ngozi. Kwa hiyo unaunga mpira mrefu kwenye faneli na unamimina polepole, maana oili hii haina haraka ya kwenda popote. Mambo yalikwenda vizuri mpaka ami alipoinuka kuaga. Mtoto amefundishwa adabu: mkubwa akikunyooshea mkono, nawe unampa mkono. Akaachia faneli, akampa. Mpira ukachomoka, oili ikamwagikia bomba la ekzosi. Paka wa jirani, aliyekuwa akichunguza karai, akashtuka, akakanyaga ndani, akatoka mbio kupitia baraza, mto wa ami, na shuka mbili za mavyaa zilizokuwa zikikauka kambani na kuning'inia chini kidogo.

Lakini hayo ni madoa. Doa hufuliwa.

Oili ya giaboksi ina salfa, na hunuka mayai viza. Nilipowasha gari kulijaribu, ekzosi ikapata moto, ile oili ikaanza kuungua, na moshi ukaingia nyumbani kwa dirisha la jikoni. Mavyaa alikuwa huko. Hakuuliza. Alichukua trei nzima ya mayai, akaanza kuvunja moja baada ya jingine kwenye bakuli ili amkamate mhalifu. Yote mazima. Harufu ikazidi. Akafukiza udi. Sitaki kuieleza harufu ya udi na salfa vikichanganyika. Mume wangu alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni, akauliza nani amefariki.

Oili chafu haimwagwi mtaroni. Ami aliiomba apake nguzo za ua wake kuzuia mchwa, na amesamehe mto. Gia ya pili, iliyokuwa ikikwaruza kila asubuhi, sasa inaingia bila neno. Kimanda tumekula asubuhi, mchana na jioni mpaka watoto wakagoma.

Nawe ukitaka kujaribu kwako, nunua lita nne, si tatu na nusu, maana ekzosi na paka nao wana fungu lao. Mpe faneli mtoto asiye na adabu. Na kabla hujafungua chupa, ingia ndani uwaambie waliomo kwamba mayai ni mazima.