Poti 45000 na Masahibu ya Duka la Pembejeo

Msafiri atokaye Tabora kwenda Mwanza kwa reli, ile iliyofika ziwani mwaka 1928, hupita Bukene, na aghalabu hupita bila ya kushuka. Mimi nilishuka, tena nikakaa; na maadamu mimi ni Mzaramo, na wenyeji wangu ni Wanyamwezi, watani wetu tangu zama za misafara ya pembe na wapagazi, kila baya lililozuka mjini tangu siku hiyo limenasibishwa nami kwa haki zote za utani.

Lililo kubwa kuliko yote lilizuka katika duka la pembejeo la mama mmoja mwenye heshima zake. Daftari la mauzo lilikuwa ndani ya kompyuta ya stoo, nayo ile ya kaunta ililifikia kwa kupitia poti 45000, yaani mlango wa mawasiliano wenye nambari hiyo, aliyoichagua muuzaji wa programu kwa sababu anazozijua mwenyewe. Siku nyingi mambo yalikwenda sawa. Walakini asubuhi moja moja, hasa umeme ulipokatika usiku ukarudi alfajiri, kaunta ilidai kwamba daftari halipatikani, wakulima wakapanga foleni na magunia yao, hata mtu alipoizima mashine na kuiwasha tena, ikapona kana kwamba haijapata kuugua.

Kupona huko ndiko kulikoleta fitina, kwa kuwa kila aliyekuwapo alijipa sifa ya uganga: binti wa kaunta aliamini kwamba tiba ni kuipangusa kwa kanga, mlinzi akasema ni kumfukuza paka, na mama akahitimisha kwa kunikazia macho.

"Mtani, tangu uje na mkoba wako huo mashine yangu hailali salama. Umefukia nini chini ya meza?"

"Shikamoo, mama," nikamjibu. "Dawa ya Uzaramo ni ghali, siwezi kuiharibu kwa mashine ya kuuzia sumu ya viwavi."

Ilipogoma tena sikuizima. Nikaitaka inionyeshe poti zote zilizoshikwa na nani amezishika, na katika orodha ndefu iliyoteremka kiooni nikaiona 45000, imekaliwa na kivinjari cha kijana wa stoo, aliyekuwa akisoma habari za Yanga. Mama, ambaye ni Simba wa kufa na kuzikwa, hakutaka ushahidi zaidi.

Hata hivyo insafu yataka niseme kwamba kijana hakuwa na hatia. Kila kompyuta ina poti 65536, kuanzia 0 hadi 65535. Zilizo chini ya 1024 ni za wakubwa: 25 ya barua, 80 na 443 za tovuti. Zifuatazo, hadi 49151, husajiliwa kwa ajili ya programu mbalimbali na IANA, taasisi inayotunza nambari za intaneti. Na kuanzia 49152 hadi mwisho zimeachwa wazi kwa wapita njia, yaani programu itokayo nje mara moja na kurejea, kama tembe la mtemi ambalo wageni wa usiku mmoja hulazwa ua wa nyuma. Sasa Linux, mfumo ulioendesha mashine ile ya stoo, kwa ada yake isipoambiwa vingine, huwagawia wageni poti 32768 hadi 60999, na hivyo huwalaza hata katika vyumba vya wenyeji. Programu ya daftari, iliyochelewa kuamka, ikakuta mlango wake una mtu, ikaanguka kimya bila ya kuaga.

Windows za zamani zilikuwa na yao: kabla ya Vista ziliwapa wageni 1025 hadi 5000 tu, poti 3976, na seva zenye kazi nyingi zikaishiwa. Tena mwaka 2008 mtafiti wa usalama Dan Kaminsky alipodhihirisha jinsi majibu ya DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, yawezavyo kughushiwa, ilibainika kuwa poti zikichaguliwa kwa bahati nasibu katika uwanja mpana, mghushi hupata taabu kubwa. Kwa hiyo upana una hoja. Lakini 16384 za IANA zalitosha duka la Bukene na maduka yote ya jirani. Na mwenye seva kubwa ana mafundi wa kumwongezea, ilhali mama wa pembejeo hajui hata kwamba kuna kitu cha kuongezwa. Ada ya mfumo yapasa kumtazama huyu kwanza.

Niliandika mstari mmoja, net.ipv4.ip_local_reserved_ports = 45000, mgeni asipewe tena chumba hicho. Mama alinipa debe la mchele, akasema kwamba sasa amehakikisha: aliyefukia ndiye anayejua kufukua.

Basi, ewe uuzaye programu kwa wenye maduka, chagua nambari iliyo juu ya 1023 na chini ya 32768, isiyosajiliwa na mwingine, uiandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani kabla hujapanda basi lako.