Sifa za Bwana Uchovu

Washairi wamekwisha kuwasifu masultani, mashujaa na hata majahazi. Lakini katika sifa zote hizo, za tungo na za nathari, sijakuta hata moja iliyotolewa kwa insafu kwa ajili ya Uchovu, yule bwana mwenye subira anayeandamana na wafanyakazi wetu kutoka Mbagala na Kimara, pembezoni mwa Dar es Salaam, kabla ya jua kuchomoza, akakaa nao ofisini kutwa, akawarejesha usiku, wala asidai nauli. Kwa kuwa ni dhuluma kiumbe aliyezitawala nyoyo nyingi hivi akose wa kumshukuru, naona ni faradhi juu yangu, japokuwa kalamu yangu ni dhaifu, kulilipa deni hilo.

Nasaba yake ni tukufu. Baba yake ni Tamaa ya mwajiri, na mama yake ni Haya ya mwajiriwa, yule bibi mtulivu anayechelea sana watu watasema nini. Na maadamu wazazi hawa hawajapata kuachana, hapana hofu ya ukoo huu kukatika. Mahasidi hawakukosekana. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wake wa kwanza mjini Washington, lilipitisha mkataba wa kuziwekea kazi za viwandani mpaka wa muda wa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Na Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ikaweka saa 45 kwa juma na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini Uchovu hakukosa mlango: sheria hiyo hiyo imewaacha nje ya mpaka wa saa wale wanaowasimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, basi mtu akipandishwa cheo na kupewa kiti cha kuzunguka, hushangilia kwa furaha siku ile ile anayopoteza haki ya malipo ya saa za ziada.

Fadhila yake ya kwanza ni kwamba hutoa heshima bila ya kudai kazi. Aliyemaliza shughuli zake alasiri mapema akainuka kwenda kwake hutazamwa kwa shaka kama mtoro. Ilhali aliyekaa hadi saa tatu usiku, macho mekundu, akijibu barua ambazo zingeweza kungoja asubuhi, huitwa mchapakazi, wala hapana amuulizaye alichofanya. Zamani ilimpasa mkulima aonyeshe gunia, seremala mlango na mvuvi samaki. Siku hizi yatosha kuonyesha miayo.

Fadhila ya pili ni kuidumisha jamii. Mfanyakazi atokapo kazini haendi kulala, bali huenda kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, na mfukoni ana kadi za michango mingine miwili, ujumbe wa ada ya mpwa, na habari za matanga huko kijijini. Lau angekuwa amepumzika, angepata wasaa wa kupiga hesabu, na hesabu ingevunja karamu nyingi. Uchovu humwepusha na balaa hiyo, naye huahidi laki moja kabla hajajua amesema nini.

Fadhila ya tatu ni kuwafunda watu adabu. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam, mwaka 1947, walichoka kuliko sisi, ila hawakujua kuuonea fahari uchovu wao; wakagoma, mgomo ukaenea hadi kwenye reli na miji ya bara, na ujira ukaongezwa. Utovu wa adabu ulioje! Sisi tuliostaarabika hatugomi: twasimulia jinsi tulivyolala kidogo, na kila mmoja hujitahidi kumshinda mwenzake.

Matabibu nao wamemstahi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikubali kuutaja uchovu wa kazini katika orodha yake ya maradhi, likasema ni jambo la kikazi, si maradhi. Maana maradhi yangemtaka mtu apumzike, lakini jambo la kikazi lamruhusu arudi kazini kesho. Shirika hilo pamoja na lile la Kazi yalikadiria kuwa mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Ni sultani gani aliyepata kutolewa roho nyingi kiasi hicho katika mwaka mmoja, na raia wake wakaona haya kulalamika?

Kwa hiyo namsihi msomaji asimvunjie heshima bwana huyu. Asithubutu kuondoka saa ya kuondoka, wala kuzima simu usiku, wala kuichukua likizo yake yote. Kwani pana hatari kubwa ya kurejea akaikuta ofisi imesimama palepale na mafaili yamekwenda vyema bila yake, na hapo itamlazimu kutafuta sababu nyingine ya kuheshimiwa.