Pembe Tatu

Mwaka 2014 Apple iliacha kuuza kicheza muziki chake, iPod Classic. Mwaka huohuo watu walijipanga kummiminia fedha mwanamuziki Neil Young na kampuni yake changa, Pono, iliyoahidi kicheza muziki cha pembe tatu kwa dola 399. Kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, iliomba dola 800,000. Ikapewa zaidi ya milioni 6. Wenye kiu zaidi wakakaribishwa kununua na hisa. Simu ilikwisha kumeza redio, kamera na tochi, lakini hawa waliamini muziki utaikwama kooni. Sauti ilikuwa safi, hilo tusiwanyime. Ila mifuko ya suruali haijashonwa pembe tatu. Mwaka 2016 duka la nyimbo la Pono likafungwa kwa muda. Muda wenyewe bado haujaisha.