Kodi ya Nani?

Siku niliyokabidhiwa vyumba sita alivyoacha marehemu mjomba hapa Same, nilizifunga funguo zote kumi na mbili kwenye kamba moja, nikapita nazo mtaani zikilia kama njuga. Jioni nikagundua hakuna hata mmoja unaofungua chumba namba nne.

Kwa mkataba, humo anaishi mtu mmoja, fundi cherehani. Nikahesabu kandambili mlangoni: jozi saba.

“Hao wageni, baba mwenye nyumba,” fundi akasema. “Wameshuka jana kutoka Mamba Myamba na tangawizi.”

Jana yenyewe ilikuwa na miezi minne. Kuku wao alishatotoa chini ya dirisha, na ukumbini nilikuwa napiga chafya kabla hata sijadai.

Nikadai. Miezi mitano, elfu arobaini kila mmoja. Fundi akavuta droo ya cherehani, akatoa bunda la risiti za LUKU, akazipanga mezani kama karata. Kodi ya jengo, tangu 2021, hukatwa humo humo kwenye umeme: ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500.

“Sasa niambie,” akasema kwa upole, “kodi ya nyumba hii analipa nani?”

Nikapandisha sauti. Akanikumbusha 1945, maelfu ya Wapare walipoteremka milimani wakapiga kambi hapa hapa Same kukataa kodi ya mbiru ya Mwingereza. “Na walishinda, shikamoo yao.” Kiswahili nacho kilinisaliti: mbiru ni kodi, pango nalo kodi. Wale wageni sita wakaitikia kwa vichwa, kama waliokuwepo.

Jirani akanishauri ning'oe mlango. Nikaung'oa, nikaulaza chini ya kitanda changu. Sikufikiria joto la Same. Watu waliozoea ukungu wa Mlima Shengena walikuwa wanachemka mle ndani. Asubuhi wakanishukuru kwa upepo.

Fundi yeye hakushukuru. Alikwenda baraza la kata. Wa mikoani hututania kwamba Mpare huuza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku, na mimi nilikuwa nakasirika sana, hadi nilipopokea wito: mdai, mpangaji, mdaiwa, mimi, shauri, mlango. Bahati, mabaraza ya kata siku hizi hayahukumu, yanasuluhisha tu. Wazee walinitazama muda mrefu. Mmoja akauliza mlango ninao wapi. Nikasema. Wakacheka mpaka karani akaweka kalamu chini.

Tukapatana: nirudishe mlango, alipe miezi miwili kwanza, wageni wapande gari la Mamba. Wakapanda kweli, na kuku wao.

Fundi akaleta pesa Ijumaa. Alishatoa 1,500 zake za kila mwezi, risiti zimebanwa kwa pini ya nguo, na elfu mbili za bawaba. Juu yake akaweka nusu kilo ya tangawizi, bure. Nimeiandika kwenye daftari, safu ya kodi.