Godoro Lavuka Feri

Ukiumwa na kiuno mwaka wa kwanza, watu wa Mtongwe watakupa pole. Ukifika mwaka wa tatu watakupa amri. Mavyaa aliniamuru nihamie sakafuni, juu ya jamvi. Jirani akaleta kipande cha plaiwudi, mabaki ya kabati lake la jikoni, nikitandike juu ya chaga. Naye baba watoto, ambaye mgongo humuuma siku za kuchota maji tu, akasema wazee wetu walilalia vitanda vya kamba na magodoro ya sufi na hakuna aliyelalamika. Wazee hao nawajua. Walilalamika kutoka alfajiri hadi isha.

Godoro la sufi, haki isemwe, lilikuwa na utu wake: ukiliweka juani linafura, na likishikana mabonge fundi anaitwa, analifumua na kuichambua sufi upya. Sponji likishabonyea halina fundi. Letu lilikuwa na shimo katikati ambamo sisi wawili tulikutana kila usiku, tupende tusipende.

Sasa hii imani kwamba pagumu ndipo panapoponya. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa lipi ni lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Nilimsimulia mavyaa yote hayo. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama hao Wahispania wana majamvi.

Mtaalamu wangu wa mazoezi ya viungo, dada asiye na masihara, alikuwa ameshaniambia godoro si dawa, mazoezi ya asubuhi yako palepale. Ila nikienda kununua nisibonyeze kwa kidole gumba, maana silali na kidole. Nilale ubavu, robo saa, kama nilalavyo nyumbani. Bega na nyonga vizame kidogo, uti wa mgongo ubaki umenyooka.

Ni rahisi kusema hivyo ukiwa kliniki. Duka lenyewe liko Magongo, Changamwe, na magodoro yamepangwa barazani, uso kwa uso na barabara. Nikalala ubavu na buibui langu, mkoba kifuani, macho nimeyafumba kwa haya. Matatu ikapunguza mwendo. "Mama, gesti ziko mbele!" akapiga kelele makanga, na abiria wote wakageuza shingo.

"Usimjali, mama," akasema muuzaji. "Hii ni hai-densiti."

Nikamuuliza ni kilo ngapi kwa mita ya ujazo, kwa sababu hiyo ndiyo densiti yenyewe: sponji likiwa na kilo chache, hata liwe na inchi kumi, litabonyea mapema.

"Kilo?" Akalinyanyua kwa mkono mmoja. "Mama, hili jepesi, hata mtoto anabeba!"

Nikahamia la pili, zito zaidi, lililomtoa jasho kulishusha. Hilo lilinipokea vyema. Tatizo likawa nailoni, ambayo alikataa katakata kuitoa kabla ya pesa. Kwa joto la Mombasa, nilipoinuka iliinuka nami.

Kutoka Changamwe kurudi Mtongwe, upande wa Likoni, njia yetu hupita kisiwani, na mwisho wake ni feri. Hamali alilikunja godoro mara mbili, akalikaza kwa kamba ya katani na kuniapia haitafunguka. Tulipofika katikati ya mkondo wa Kilindini fundo likateleza. Godoro zito halipendi kukunjwa. Lilijifungua kwa kishindo na watu wakaruka pembeni. Kisha wakarudi. Mama wa samaki akaketi na karai lake, watoto wa shule wakafuata, na mzee mmoja wa kanzu akavua makubadhi, akajinyoosha urefu wake wote.

"Laini mno," mama wa samaki akatoa hukumu. "Mgongo wataka pagumu."

"Hapana, lasukuma vizuri," akajibu mzee, macho yamefumbwa.

Wakabishana, na nusu ya feri ikaingilia, mpaka mlango ukashuka upande wa Likoni. Mama wa samaki akanyanyua karai. Mzee ilibidi aamshwe. Akavaa makubadhi, akaniuliza bei, kisha kwa sauti ya chini akataka kujua kama muuzaji hukubali kulipwa kidogo kidogo.