Dalali Anataka Kununua Pantoni

Kijiwe cha kahawa kilicho karibu na kivuko cha Pangani hakina mwenyekiti wala katibu, na kikao chake hakijawahi kufungwa. Wanachama wa kudumu ni sita. Yupo Baharia, aliyestaafu kazi ya meli lakini hakustaafu kuisimulia. Yupo Mwalimu Mstaafu, anayesahihisha kila kitu mpaka hesabu ya dhumna. Yupo Dalali, ambaye macho yake hayajapata kukiona kitu kisichouzika. Bodaboda huja kusubiri abiria, kisha akawasahau. Bi Vitumbua ana meza yake hatua chache kutoka pale watu wanapokata tiketi. Wa sita ni Muuza Kahawa, anayesikiliza yote na kuhesabu vikombe.

Jumamosi moja Dalali alifika na shati la kwendea mjini. Akaagiza kahawa na kashata mbili kwa mpigo, dalili kwamba ana mpango mkubwa au ana deni kubwa.

“Daraja likiisha,” akatangaza, “pantoni naichukua mimi.”

Kahawa ikampalia Bodaboda. “Unaipeleka wapi, mzee wangu? Chumbani?”

“Haiendi popote. Naigeuza hoteli ya kuelea, hapahapa mtoni. Juu muziki, chini samaki wa kukaanga. Watalii watapanga foleni.”

Daraja analolisubiri Dalali ni lile la mita 525 juu ya Mto Pangani, sehemu ya barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 256. Magari yakianza kupita juu, dereva anayetoka Tanga kwenda Saadani hatakuwa na sababu ya kusubiri zamu ya kuvushwa kwenda Bweni, ng'ambo ya mto. Hilo kijiweni halina mpinzani. Ubishi upo juu ya vitakavyobaki chini: chombo, gati na watu wanaokula kutokana na foleni.

“Pantoni ni mali ya serikali, iko chini ya TEMESA, wakala unaoendesha vivuko vyake,” Mwalimu akaanza, kidole juu. “Haichukuliwi kwa kukodolewa macho. Ikiwa bado nzima, itahamishiwa kivuko kingine. Ikichoka, itauzwa kwa utaratibu, nawe utashindana na wenye fedha zao.”

“Fedha ninazo.”

“Basi anza na za wiki iliyopita,” Muuza Kahawa akamwambia. “Vikombe kumi na vinne.”

Baharia akamtetea. “Mwacheni, hakuanza yeye. Kule Marekani, jimbo la Washington, palikuwa na feri ya magari ikiitwa Kalakala. Asili yake ilikuwa feri ya California, jina lake Peralta, iliyojengwa miaka ya 1920. Ikaungua moto mwaka 1933. Chuma kilichosalia kikakokotwa hadi karibu na Seattle, kikavishwa umbo jipya la mviringo linalong'aa, na mwaka 1935 ikaanza kazi. Watu walipanda kuitazama tu, hata wasiokuwa na safari.”

“Umesikia?” Dalali akampiga kofi la paja Bodaboda.

“Ngoja amalize,” Mwalimu akasema.

“Ikastaafu mwaka 1967. Wenye mipango kama yako wakaikokota mpaka Alaska, wakaipandisha nchi kavu, ikawa kiwanda cha kusindika kaa na kamba. Mwaka 1998 wapenzi wake wakaikokota tena kuirudisha Seattle, waifufue. Mipango ikawa mingi, fedha zikawa hazipo, kutu ikawa inaendelea na kazi yake. Mwaka 2015 wakaikata vyuma.”

“Walikosea jambo moja,” akasema Dalali.

“Lipi?”

“Hawakuweka muziki.”

Mwalimu hakucheka. Akamweleza kwamba chombo kinachoelea hakiachi kudai gharama hata kikisimama. Maji ya chumvi hula bati, viumbe vya baharini hujishika tumboni, na kila baada ya muda lazima kipandishwe chelezoni kikwanguliwe, kipigwe rangi na kuzibwa panapovuja. Pantoni MV Magogoni ya Kigamboni, Dar es Salaam, yenye uwezo wa kubeba watu 2,000 na magari 60, ilianza kazi mwaka 2008. Kufikia 2023 ilibidi ipelekwe mpaka Mombasa kwa ukarabati mkubwa. “Hiyo ni serikali, yenye bajeti na wahandisi. Wewe una kashata mbili, na moja umeshaila.”

“Basi ikatwe, iuzwe skrepa,” Bodaboda akatoa rai. “Nondo zitapatikana, maisha yaendelee.”

Kwa Baharia hilo lilikuwa pendekezo la heshima. Akasimulia habari za feri nne za chuma zilizojengwa mwaka 1927 kwa ajili ya Ghuba ya San Francisco: Illahee, Klickitat, Nisqually na Quinault, kwa majina waliyozipa baadaye. Mwaka 1936 likafunguliwa daraja la San Francisco na Oakland, mwaka uliofuata likafuata Golden Gate, na feri za magari zikaanza kukosa magari. Mwaka 1940 hizo zikauzwa kaskazini, jimbo la Washington, ambako visiwa ni vingi na madaraja ni machache. Zikafanya kazi huko hadi Novemba 2007 zilipoondolewa kwa uchakavu wa matumbo yake. Mwaka 2009 zikakokotwa hadi Mexico, zikakatwa.

“Miaka themanini!” Bodaboda akashangaa. “Pikipiki yangu ina miaka minne, na inakohoa.”

“Sasa angalieni mkondo wenyewe,” Baharia akaendelea. “Madaraja ya California yakaipa Washington feri. Washington nayo ilipochoshwa na vyombo vyake, mnajua viwili vilikwenda wapi?”

“Alaska,” akajibu Dalali.

“Dar es Salaam na Unguja.”

Vyombo hivyo ni Skagit na Kalama, boti za abiria bila magari, zilizojengwa Louisiana mwaka 1989 kwa ajili ya maji ya ndani ya Washington, yaliyokingwa na visiwa na rasi. Ziliachishwa kazi mwaka 2009 na kuuzwa mwaka 2011. Tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikiwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, bahari ikiwa imechafuka na upepo mkali, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu wengi wakapoteza maisha.

Miezi kumi kabla yake ilikuwa Spice Islander. Hiyo ilikuwa feri ya abiria na magari iliyojengwa Ugiriki mwaka 1967 kwa jina la Marianna, ikaitwa Apostolos P, na mwaka 2007 ikapewa jina la viungo na kuletwa huku. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama kati ya Unguja na Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu wasiofika 700. Tume ya uchunguzi ilikuta walikuwemo zaidi ya 2,000, na kwamba waliokufa au kutoonekana tena walizidi 1,500.

Hapo mzaha ulikoma. Bi Vitumbua ndiye aliyesema kwanza. “Wenzetu wakichoka na feri inatushukia sisi, kama shati la mtumba. Ila shati halizami na watu.”

“Si sisi peke yetu, Bi Mkubwa,” akasema Mwalimu. “Canada walikuwa na Queen of Nanaimo, ya mwaka 1964. Walipoistaafisha mwaka 2017 ikanunuliwa Fiji, wakaiita Lomaiviti Princess V. Na tusiusingizie uzee peke yake. Zile nne za California zilifikisha miaka themanini zikikaguliwa, na siku wakaguzi walipotilia shaka, zikasimamishwa. Skagit ilikuwa na miaka ishirini na mitatu tu. Balaa ni kukijaza chombo kupita kiasi, kukipeleka maji ambayo hakikujengewa, na mtu kutia saini cheti akiwa ofisini.”

Bodaboda, asiyeweza kukaa na huzuni zaidi ya dakika mbili, akauliza kwa nini pantoni isizamishwe kwa makusudi, baharini, bila mtu ndani.

Kijiwe kikamcheka, lakini Baharia akamuunga mkono. Mwaka 2002, pwani ya kaskazini ya Mombasa, upande wa Bamburi, ilizamishwa Dania, meli kuukuu iliyokuwa ikibeba mifugo. Chombo cha namna hiyo husafishwa kwanza, mafuta na vitu vya sumu vikatolewa, kisha kikashushwa chini kiwe makazi ya samaki na mahali pa wazamiaji kutembelea. Matumbawe hujishika kwenye chuma, samaki wadogo hujificha humo, wakubwa huwafuata.

“Yaani ng'ombe walishuka,” Bodaboda akafupisha, “samaki wakapanda bila tiketi.”

“Na mimi nikauza tiketi za kuwatazama,” Dalali akadakia. Mpango wa hoteli ulikuwa umekwisha kuzama, ukaibuka wa chini ya maji.

Bi Vitumbua akafunika kapu lake. “Tangu asubuhi mnazungumzia chuma. Chuma kitapata pa kwenda: kitahamishwa, kitauzwa, kitakatwa. Mimi nakaa pale chini tangu alfajiri kwa sababu pantoni huchelewa. Mtu akisubiri anaona njaa, akiona njaa ananunua. Gari likipita darajani mwendo wa themanini, nani atasimama kula kitumbua? Niambieni, njia ikifa, waliokuwa njiani huenda wapi?”

Hili lilihitaji mifano ya karibu, na Mwalimu alikuwa nayo.

Wa kwanza ni Ndundu, kwenye Mto Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, basi la Lindi au Mtwara likielekea Dar es Salaam lilikuwa halina budi kuvushwa. Mto ukifurika au chombo kikiharibika, safari ilikatika pale, abiria wakalala. Na anayelala njiani hula njiani. Leo basi linaumaliza mto kabla abiria hajafungua chupa ya maji. Kusini kumepata barabara, hakuna anayetamani kurudi nyuma, lakini soko la kivukoni lilikwenda na foleni yake.

Wa pili ni Kilifi, kule Kenya. Magari ya Mombasa na Malindi yalikuwa yakisubiri feri kwenye mkono wa bahari mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Barabara kuu ikapanda juu; ile ya zamani ikabaki inateremka majini, na mpaka leo mahali hapo panaitwa Old Ferry. Pamebaki boti, wavuvi na sehemu za kula zinazotazama maji. Njia ya magari ilikufa, lakini ufuko ulibaki na kazi.

“Umeona? Hoteli!” akasema Dalali.

“Ya nchi kavu,” akajibu Mwalimu. “Haihitaji chelezo.”

Mfano wa tatu ulikuja kuwavuruga wote. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016, na wako waliotabiri kwamba pantoni ya Magogoni imekwisha. Haikuisha. Daraja limepita Kurasini, linamfaa mwenye magurudumu. Anayekwenda kwa miguu kutoka Kigamboni akitumia pantoni anashukia katikati ya jiji, na akitumia daraja anazunguka. Kwa hiyo watu wanaendelea kuvuka kwa pantoni.

“Na huko Golden Gate?” Bodaboda akauliza. “Feri zao zilikufa moja kwa moja?”

Baharia alikuwa akilisubiri swali hilo. Feri ya magari ya Sausalito, iliyoshindana na daraja, ilifungwa mwaka 1941. Miaka ikapita, magari yakalijaza daraja mpaka likakaba. Mwaka 1970 feri za abiria zikarudi kwenye maji yaleyale, na iliyozirudisha ni mamlaka ileile inayoliendesha daraja. Zinafanya kazi mpaka leo.

Dalali akahesabu kwa vidole. “Kutoka 1941 mpaka 1970 ni miaka ishirini na tisa. Nitasubiri.”

“Subiri,” akasema Muuza Kahawa, “lakini si kwa mkopo.”

Mwisho kijiwe kiliafikiana, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Daraja lije, tena lije upesi, kwa sababu mjamzito wa Bweni anayeumwa usiku hana muda wa kusubiri zamu ya pantoni. Ila mambo matatu yasiachwe mpaka baada ya sherehe. Kwanza, TEMESA itangaze mapema chombo kinahamia wapi, na kabla hakijaanza kazi huko TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ikikague kwa maji ya huko, si kwa sifa za hapa. Pili, gati lisiachwe liote majani: libaki la boti, la wavuvi na la anayevuka kwa miguu, ikionekana wapo wa kutosha. La tatu alilisema Bi Vitumbua mwenyewe, na akamtaka Mwalimu aliandike kwenye karatasi apelekewe diwani.

“Aje ahesabu meza zetu kabla utepe haujakatwa. Aandike nani anauza nini, kisha atuonyeshe pa kukaa kwenye kituo cha mabasi kitakachokuwa mlangoni mwa daraja. Akija baada ya uzinduzi, atakuta tumeshahama, na hakuna atakayejua tumekwenda wapi.”